Chambo cha Trauti katika Bwawa la Maji Machache



Juma hili tumeletewa barua na Sajini mmoja, nasi twaona kwamba jambo aliloliandika haliwahusu wavuvi peke yao. Sajini huyo alipata likizo ya siku 10, akamchukua mwanawe wa kiume mwenye umri wa miaka 9, wakavuka mpaka kwenda kumwamkia shemeji yake anayefanya kazi upande wa Nyeri, nchini Kenya. Huko walipelekwa kwenye bwawa moja la samaki aina ya trauti, mahali ambapo mgeni hukodishwa ufito wa kuvulia, akavua, kisha akalipa kwa uzito wa samaki aliowapata.

Sajini anaeleza kwamba maji yalikuwa machache na maangavu, hata aliweza kuwaona samaki kwa macho yake wakipita mbele yake. Alisimama ukingoni amevaa shati jeupe, jua likiwa mgongoni, akajaribu kila chambo alichouziwa. Tangu saa 4 asubuhi mpaka saa 9 alasiri hakupata hata samaki mmoja. Mtoto alichoka kukaa, akaanza kukimbia ukingoni na kutupa vijiwe majini. Baba akamkaripia mbele ya watu, akamwambia kwamba yeye ndiye aliyewafukuza samaki. Tangu siku hiyo mtoto akitajiwa habari za uvuvi huinamisha kichwa wala hajibu neno. Sajini atarudi huko mwezi ujao, naye atuuliza: ni chambo gani ambacho trauti hawezi kukikataa?

Chambo tutamtajia, tena vya namna mbalimbali. Lakini kwanza hapana budi tumwambie kwamba katika bwawa la maji machache chambo ni jambo la tatu. La kwanza ni mvuvi kutoonekana, na la pili ni wepesi wa zana zake. Mtu aliyekosa hayo mawili hata akitundika asali kwenye ndoana atarudi nyumbani mikono mitupu.

SAMAKI MGENI

Yafaa tumjue kwanza samaki mwenyewe. Trauti si mwenyeji wa Afrika ya Mashariki. Trauti wa kahawia asili yake ni Ulaya, naye aliletwa katika mito ya milima ya Aberdare huko Kenya mwaka 1905. Trauti wa upinde wa mvua, ambaye ubavuni ana mstari wa rangi ya waridi, asili yake ni nchi zinazopakana na kaskazini ya Bahari ya Pasifiki, naye alifika Kenya mwaka 1910. Hapo Kiganjo, karibu na mji wa Nyeri, mahali ambapo wengi wa askari polisi wa Kenya wamepata mafunzo yao, pana pia kituo cha kuzalisha trauti kilichoanzishwa mwaka 1948.

Samaki huyu hupenda maji ya baridi yenye hewa nyingi. Hula vizuri maji yanapokuwa na joto la nyuzi 10 hadi 16 za sentigredi. Joto likipita nyuzi 20 hupoteza hamu ya kula, na likifika nyuzi 24 au 25 maisha yake huwa hatarini. Ndiyo sababu kwetu huku hupatikana katika nyanda za juu tu, kama vile miteremko ya Mlima Kenya na Mlima Elgon.

Trauti wa bwawa ana tabia mbili zinazomtofautisha na ndugu yake wa mtoni. Kwanza, amelelewa kwa chakula cha chembechembe za rangi ya kahawia kinachomwagwa majini na mlezi wake. Pili, aghalabu huzunguka bwawa zima akifuata kingo, wala hakai mahali pamoja kama samaki wa mtoni anayengojea mkondo umletee riziki. Mwenye kuyajua hayo mawili amekwisha kupata nusu ya elimu anayoihitaji.

JINSI SAMAKI ANAVYOMWONA MVUVI

Mwanga unapoingia majini hupindika. Kwa sababu hiyo samaki huona mambo ya nje kupitia duara moja tu lililo juu yake, mfano wa dirisha la mviringo. Nje ya duara hilo uso wa maji kwake ni kama kioo kinachomwonyesha sakafu ya bwawa. Upana wa dirisha hilo ni zaidi kidogo ya mara mbili ya kina alichopo. Samaki aliye nusu mita chini ya maji ana dirisha la upana wa mita 1 na kidogo. Aliye mita 1 chini ana dirisha la zaidi kidogo ya mita 2.

Vitu vyote vya nje hubanwa ndani ya dirisha hilo. Mtu aliyesimama wima huonekana pembeni mwake, hasa akivaa nguo nyeupe na akiwa anatikisika. Mtu aliyeketi au kupiga goti mbali kidogo na ukingo hubanwa chini kabisa ya pembe ya dirisha, hata samaki asimtambue. Askari yeyote aliyefunzwa kujificha nyikani alilijua jambo hili kabla hajashika ufito. Alichosahau Sajini wetu ni kwamba mafunzo hayo hufaa hata likizoni.

Mbali na macho, samaki ana mstari wa neva ubavuni unaohisi mitikisiko ya maji. Kishindo cha buti kwenye udongo wa ukingo humfikia upesi, lakini mazungumzo ya sauti ya kawaida hayamsumbui sana. Basi zungumza na mwenzako upendavyo, ila usikanyage kwa nguvu.

Kwa ufupi, vaa nguo za rangi ya majani makavu au udongo. Keti hatua mbili au tatu nyuma ya ukingo. Hakikisha kivuli chako na cha ufito wako hakiangukii maji unayoyavua. Ukifika, usitupe mshipi papo hapo. Kaa kimya dakika 10 ukitazama samaki wanapita wapi na wanageukia wapi.

ZANA NYEPESI

Katika maji machache na maangavu, zana nzito hufanya makosa mawili. Huanguka kwa kishindo, tena huonekana. Tumia mshipi mwembamba usio na rangi, wenye kuhimili uzito wa kilo 2 hivi. Ndoana nayo iwe ndogo, namba 10 au 12. Mwanafunzi wa uvuvi akumbuke kwamba namba ikizidi kuwa kubwa ndoana huzidi kuwa ndogo.

Chubwi, yaani kile kipande cha risasi kinachozamisha mshipi, likiwezekana liachwe kabisa. Likihitajika, liwe dogo kama punje ya mtama, nalo libanwe umbali wa sentimita 30 juu ya ndoana. Tahadhari: usilibane kwa meno, wala usimpe mtoto alichezee, kwa maana risasi ni sumu. Tumia koleo, kisha nawa mikono kabla ya kula.

Kiboya kiwe chembamba na chepesi, ili samaki akivuta asihisi uzito akakitema chambo. Trauti wa bwawa aghalabu haumi kwa fujo. Kiboya husogea upande polepole, au hulala, au husita kidogo kinapopaswa kupepea. Uonapo hivyo usipige ufito kwa nguvu kana kwamba unakata kuni. Uinue taratibu hadi mshipi ukaze, na ndoana itaingia yenyewe.

CHAMBO CHA KULIKA

Sasa tufikie swali la Sajini. Kabla ya yote, uliza kanuni za mahali. Katika mito na mabwawa mengine huruhusiwa nzi wa bandia tu, na mwenye kuvua kwa nyungunyungu hapo huwa anavunja kanuni. Mahali ambapo chambo cha kulika kinaruhusiwa, hivi vinne vimethibitika.

La kwanza ni donge la unga. Mwombe mlezi wa bwawa kiganja kimoja cha chakula anachowapa samaki wake. Kisage, kichanganye na unga wa ngano kiasi hicho hicho, tia maji kidogo kidogo, ukande mpaka donge lisishike vidoleni. Viringisha kidonge cha ukubwa wa njegere, ufunike ndoana. Trauti aliyelelewa kwa chakula hicho hukitambua kwa rangi na kwa harufu. Kosa la wengi ni kutengeneza donge kubwa kama kokwa la embe. Samaki hulizunguka, hulidokoa, kisha huenda zake.

La pili ni nyungunyungu. Usimkunje wote juu ya ndoana kama nguo kambani. Mtoboe mara moja au mara mbili upande wa kichwa, mkia uachwe ukicheza. Kama ni mkubwa, nusu yake yatosha. Nyungunyungu hufaa zaidi baada ya mvua, maji yanapokuwa na tope kidogo, kwa kuwa samaki huongozwa na harufu kuliko macho.

La tatu ni wadudu wa msimu. Panzi mdogo wa kijani, au kumbikumbi aliyekatwa mbawa, huelea juu ya maji bila kuhitaji kiboya wala chubwi. Mtupe polepole pale ambapo upepo unasukuma takataka ndogo ndogo, kwa kuwa samaki nao hungojea chakula hapo. Senene nao hufaa vilevile, ingawa tunajua kwamba katika nyumba nyingi za wasomaji wetu senene hawabaki mpaka wafike bwawani.

La nne ni punje ya hindi bichi lililochemshwa. Punje moja tu kwa ndoana ndogo. Lakini usimwage mahindi wala mkate majini kwa viganja ukidhani unawaita samaki. Chakula kisicholiwa huoza, na kuoza huko hula hewa ya maji ambayo trauti anaihitaji kuliko samaki wengine.

Kina nacho ni muhimu. Bwawa la mita 1 na robo si lazima livuliwe chini. Alfajiri, funga kiboya ili chambo kining'inie sentimita 40 hadi 60 chini ya uso wa maji. Jua likipanda, kishushe mpaka kiwe sentimita 20 hivi juu ya sakafu. Chambo kinacholala kwenye matope hufunikwa na majani, na samaki hupita juu yake asikione. Ukiona samaki wakipita katika kina fulani, weka chambo katika kina hicho hicho, wala usishikilie vipimo vyetu.

Tena usikitupe chambo juu ya kichwa cha samaki. Kitupe mita 2 au 3 mbele ya njia anayoifuata, ukiache kimya, naye akutane nacho. Kwa vile huzunguka, atarudi.

CHAMBO CHA BANDIA

Wako wasiopenda kushika nyungunyungu. Hao hutumia kijiko kidogo cha madini, au kile chambo chenye jani la kuzunguka, au nzi wa bandia wa manyoya. Kwa maji machache chagua chenye uzito wa gramu 2 au 3, tena chenye ndoana moja. Kizito huzama upesi kikanasa majani.

Kitupe mbali na mahali samaki walipo, kisha ukipitishe karibu nao. Anza kukivuta mara tu kinapogusa maji, ncha ya ufito ikiwa juu, ili kisizame. Vuta polepole, kiasi cha kukifanya jani lizunguke tu. Baada ya kila mita 2 sita kidogo, kisha endelea. Mara nyingi samaki aliyekuwa akikifuata huuma wakati wa kusita huko.

Maji yakiwa maangavu na jua kali, tumia rangi hafifu, kama ya shaba iliyopauka, au nyeusi, au kijani cha mwani. Maji yakiwa na tope au mawingu yakiwa mazito, tumia inayong'aa, au ya njano. Ukitupa mara 15 bila kuguswa, badili rangi au ukubwa, au sogea mahali pengine. Trauti wa bwawa huzoea upesi kile anachokiona kila siku, na chambo kilichompata mwenzake jana huenda leo akakikimbia.

SAA YA KUVUA

Sajini alianza saa 4 akamaliza saa 9. Kwa hakika alichagua saa zilizo mbaya kuliko zote. Bwawa la maji machache hupata joto upesi, na maji ya moto hushika hewa kidogo kuliko maji baridi. Saa hizo samaki hujikusanya kwenye mfereji unaoingiza maji mapya au chini ya vivuli, hawataki kula. Saa njema ni tangu mapambazuko hadi saa 3, na tena tangu saa 10 na nusu hadi machweo. Siku ya mawingu na mvua nyepesi yaweza kuvuliwa kutwa. Kama hapana budi kuvua mchana, keti karibu na mfereji unaoingiza maji.

Samaki unayekusudia kumrudisha majini usimvue kwa chambo cha kulika, kwa sababu humeza ndoana mpaka tumboni. Ikitokea hivyo, usiing'oe kwa nguvu. Kata mshipi karibu na mdomo. Katika bwawa la kulipia, kanuni njema ni kuchukua unaowapata, na kuacha kuvua mara upatapo wanaotosha chakula cha nyumbani.

Jambo jingine: asitokee mtu wa kubeba trauti hai ndani ya ndoo ili kuwatia katika kijito cha kijijini kwao. Samaki huyu hula samaki wadogo na wadudu wa majini, tena aweza kueneza maradhi. Trauti wa kahawia na trauti wa upinde wa mvua wote wawili wamo katika orodha ya kimataifa ya viumbe 100 wageni waletao madhara makubwa. Na wabaki katika maji waliyowekwa.

JIKONI

Trauti huharibika upesi akiachwa juani. Ukimpata mpige kichwani mara moja asiteseke, mpasue tumbo, toa matumbo na ile damu nyeusi iliyo kandokando ya uti wa mgongo, mwoshe kwa maji safi, kisha mfunge katika majani mabichi kivulini. Magamba yake ni madogo sana, hayahitaji kuparwa. Nyumbani mpake chumvi na ndimu, mtie vipande vya kitunguu tumboni, mfunge katika jani la mgomba, umweke juu ya makaa yasiyo makali. Yu tayari nyama inapobanduka mfupani kwa urahisi. Watoto wadogo wachambuliwe miiba kwanza.

KWA SAJINI NA MWANAWE

Ndugu Sajini, sasa twaweza kukujibu bila kuficha. Ulisimama wima, umevaa nyeupe, jua mgongoni, katika saa za joto, maji yakiwa maangavu. Samaki walikuona tangu ulipofika. Ni kweli kwamba vijiwe haviwapendezi samaki, lakini kwa maelezo yako mwenyewe mtoto alianza kuvitupa baada ya kuchoka, na kabla ya hapo hukuwa umepata kitu. Kosa halikuwa la mwanao.

Twakushauri umwambie hivyo, kwa maneno yaliyo wazi, kabla hamjafunga safari ya pili. Baba wengine hudhani kumwomba mtoto radhi ni kujishusha. La hasha. Mtoto aliyekaripiwa mbele ya watu kwa kosa asilolitenda huliweka moyoni miaka mingi, na asiposikia neno la baba yake huamini kwamba kweli yeye ni mkosaji. Ulimlaumu mbele ya shemeji yako. Basi hata neno la kumwondolea lawama lisikike mbele ya shemeji yako.

Kisha mpe kazi. Mtoto wa miaka 9 hawezi kukaa kimya saa tano, wala wengi wetu hatuwezi. Akande donge la unga. Achimbe nyungunyungu jioni ya kuamkia safari. Awe mlinzi wa doria, aketi chini na kuhesabu samaki wanapita mara ngapi na upande gani, kisha akuletee taarifa kwa kunong'ona. Kila baada ya nusu saa mpeleke mbali na maji akimbie apendavyo. Akae upande ambao hautupii mshipi, maana ndoana iliyorushwa nyuma imejeruhi macho ya wengi. Wala asiachwe ukingoni peke yake, hata kama maji ni ya kiunoni. Na samaki wa kwanza akiuma, umpe yeye ufito.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wazee wengi huikumbuka methali hiyo wanapotaka kumwadhibu mtoto. Lakini anayemkunja samaki mbichi humkunja taratibu, kwa mikono miwili, asije akamkatikia.

Tunawatakia safari njema. Mkirudi tuandikieni, hata kama kikapu ni kitupu, nasi tungependa zaidi barua hiyo iandikwe na mwanao.